Ugomvi Wako na Namna ya Kuuharibu

Najua unaye. Kila mtu anaye. Wako labda ni ndugu wa baba mmoja aliyeng'oa miramula ya mpakani usiku, akaipanda upya hatua tatu ndani ya kibanja chako. Labda ni yule aliyekupa pesa ya ada mwezi wa Januari, akaichukua kahawa yako kwa butura ikiwa bado maua, na msimu ulipofika akavuna mali iliyozidi mbali deni lako. Labda ni mwenzako wa kwaya aliyezungusha maneno kuhusu ndoa yako. Jina lake likitajwa, tonge linakukwama.

Sogea karibu basi. Sikuletei hotuba. Hotuba za kusamehe umezisikia tangu shule ya Jumapili, zote ni za kweli, na bado usiku unageuka kitandani ukipanga utakachomjibu. Nakuletea njia za mkato. Kumpenda mtu aliyekuumiza ni kazi inayozidi nguvu za mtu wa kawaida, na anayengoja awe mtakatifu kwanza ndipo aianze atazikwa na kinyongo chake kikiwa kizima. Sisi hatungoji. Tutauhujumu ugomvi wako kimyakimya, kwa hila ndogondogo, mpaka siku moja uutafute usiuone.

Onyo moja kabla hatujaanza: hila hizi zinafanya kazi. Kama bado unataka kununa, ishia hapa.

Hatua ya kwanza: usiusubiri moyo

Moyo ni mzito wa kuamka. Ukisema utamsalimia siku moyo utakapotulia, siku hiyo haimo kwenye kalenda. Fungua Luka sura ya 6. Pale mfuasi anaagizwa kuwapenda adui zake, kisha anaelezwa jinsi ya kuwapenda: awatendee mema, awabariki, awaombee. Hizo ni kazi za mikono na mdomo. Mikono unayo, mdomo unao, na unaweza kuzifanya zote ukiwa bado na hasira.

Watakuambia ni unafiki. Mnafiki hujifanya mwema ili apate kitu kwako. Wewe unajilazimisha kutenda wema ili upone, na Mungu anaijua tofauti hiyo. Mwambie wazi kwamba humpendi mtu huyu, lakini kesho utamsaidia kubeba maji. Sala ya namna hiyo inasikilizwa.

Hatua ya pili: mtangulie kwa salamu

Anayeishi Dar es Salaam akitaka kumkwepa mtu, hubadili kituo cha basi, mambo yakaisha. Rubafu humkwepi mtu. Kata yetu iko kando ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa mji wa Bukoba, na njia zake zinapita katikati ya migomba ya watu. Ukimkimbia kanisani utamkuta mwaloni akinunua dagaa. Ukimkimbia mwaloni mtapakiwa Hiace moja kwenda mjini, goti kwa goti. Wapo watu ambao kwa miaka wamezunguka kwenye vibanja vya wengine, na mtungi kichwani, ili wasipite mbele ya nyumba fulani.

Fanya hivi. Ukimwona kwa mbali, usijipe muda wa kufikiri. Toa salamu ukiwa bado unatembea: "Wasibota, waitu." Kisha endelea na safari yako. Usisimame. Usilazimishe tabasamu. Usigeuke nyuma kuangalia kama ameshtuka. Asipoitikia, umekwisha kufanya sehemu yako. Kesho rudia kwa sauti ileile.

Na hapa tumia majivuno yako, usiyaonee haya. Watu wa Kagera tunapenda ionekane kwamba tumelelewa na kwamba tumesoma. Hatukuitwa nshomile bure. Basi mshinde kwa adabu. Acha yeye ndiye aonekane hajui kusalimia watu. Mwanzoni salamu yako itakuwa na kiburi ndani yake, na iwe hivyo. Kiburi huchoka mapema kuliko mazoea, na siku kitakapochoka utakuta mdomo wako umekwisha kuzoea kumtakia mtu yule heri.

Hatua ya tatu: mwombee, lakini anzia pembeni

Ukianza na yeye mwenyewe, utaishia kumshtaki. Utamwomba Bwana amguse ndugu yako ajue alichokutenda, na hayo ni mashtaka yaliyofungwa kwa amina.

Anzia kwenye kitu chake ambacho hakijakukosea. Binti yake anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba, mwombee binti. Mama yake amelazwa, mwombee mama. Migomba yake imeingiwa na mnyauko, ule ugonjwa unaoivisha ndizi kabla ya siku zake na kutoa usaha wa njano ukikata shina. Iombee migomba, tena kwa bidii, maana mnyauko ukiwa kwake leo, kesho uko kwako. Zunguka hivyo wiki kadhaa. Siku utakayofika kwenye jina lake, utashangaa kwamba limetoka bila kukukwaruza koo.

Hatua ya nne: nenda msibani, uende nyuma ya nyumba

Hakuna mahali ambapo ugomvi unakosa mlinzi kama msibani. Kwetu mtu anazikwa kibanjani kwake, majirani wanalala na wafiwa, na chama cha kuzikana kinajua nani kaleta nini. Usipofika, utaonekana. Ukifika ukakaa kwenye kiti cha mbele, utaonekana vilevile, na ugomvi wako utakaa kiti cha pili. Kwa hiyo usikae. Fika mapema, pitia nyuma ya nyumba, omba kisu, umenye ndizi.

Nakueleza kitakachotokea. Mtawekwa wawili watatu kwenye rundo moja la mikungu, na mama anayegawa kazi ama hajui nani hasemi na nani, ama anajua sana. Sufuria la maji lipo katikati yenu. Utomvu unaanza kunata, vidole vinageuka vyeusi, na kisu ulichopewa ni butu. Hutaki kusema naye. Lakini kisu ni butu kweli, yeye anacho chenye makali, na rundo haliishi.

"Nipe hicho."

Anakupa, mpini ukiwa umeelekea kwako. Hujasamehe chochote hapo. Umeomba kisu. Baada ya robo saa anasema ndizi za mwaka huu zimekuwa ndogo, wewe unasema mvua ilichelewa. Mkungu wa mwisho unawakuta kwenye habari za watoto na shule zao. Acha hapohapo. Usiharakishe kutaja mpaka, usitaje kahawa, usiutumie msiba wa watu kumaliza kesi yako. Nawa mikono, ingawa utomvu hautoki leo, na uende kukaa na wafiwa.

Kama wewe ni mwanamume na umepelekwa kaburini, kazi ni ileile. Kaburi huchimbwa kwa kupokezana, na huchagui nani atakupokea sepetu.

Majanga nayo huwakutanisha watu hivyohivyo: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliwalaza watu wengi wa Bukoba nje ya nyumba zao, jirani kando ya jirani. Usingoje lingine.

Hatua ya tano: peleka kahawa

Mgeni kwetu hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Chukua punje chache, zifunge kwenye kipande cha jani la mgomba kama bibi alivyofanya, upite kwake kama mtu anayekwenda kwingine. Usiende na mchungaji. Usiende na kikao cha ukoo, wala na shahidi wa kusema baadaye kwamba ulikwenda. Mpe mkononi, uliza hali ya mgonjwa, ondoka kabla hajapata la kusema.

Wazee wetu walikuwa na omukago. Watu wawili wasiozaliwa tumbo moja walipotaka kuwa ndugu, walipasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja alichanjwa tumboni, punje ikapakwa damu, kisha kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo mlango wa mmoja ulikuwa mlango wa mwingine, na kumdhuru mwenzako kulikuwa ni kujilaani. Watu wale walitishwa kikweli na agano la punje moja. Sisi tunapiga magoti Jumapili kwenye meza moja, bega kwa bega, tunapokea damu ya Kristo, na Jumatatu tunapishana njiani kama hatujuani. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Kama unashiriki meza na mtu, basi kumpa kahawa si jambo kubwa. Umekwisha kula naye kitu kikubwa zaidi.

Hatua ya sita: tafuta deni lako wewe

Hapa ndipo wengi wanaaga. Baki kidogo.

Uamsho uliowaka Uganda na Gahini, Rwanda, ulifika kwa Walutheri wa Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wa uamsho walikuwa na desturi iliyowashangaza majirani zao: mtu alitembea mpaka kwa aliyemkosea, akalitaja kosa lake kwa jina lake, na kama aliiba, alirudisha. Jembe, mbuzi, pesa. Wala usidhani walikuwa watu wa kupuuzwa. Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925, alitoka kwenye moto huo. Alikuja kuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Hila yenyewe ni kutafuta sehemu yako, hata iwe ndogo kama punje ya mtama. Yeye alisogeza mpaka, sawa. Lakini wewe ulisema kwenye harusi, mbele ya watu, kwamba ukoo wao ni wa wezi tangu babu. Nenda ukaombe radhi kwa hilo la harusini. Hilo tu. Usiweke "lakini". Usiongeze "ingawa na wewe". Sema, kisha funga mdomo. Kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza kwa orodha ya makosa yake. Usikijaze.

Si lazima naye aungame siku hiyo. Mkumbuke Zakayo wa Luka 19, mtoza ushuru aliyetajirika kwa pesa za watu. Yesu hakumwekea masharti chini ya ule mkuyu; alimwambia ashuke, kwamba leo atashinda kwake. Habari ya kulipa mara nne ilitoka kwa Zakayo mwenyewe, mgeni akiwa amekwisha kuingia nyumbani. Neema ilitangulia, fidia ikaja nyuma. Sisi tunadai fidia kwanza, ndiyo maana nyumba zetu hazina wageni.

Pumzika kidogo hapa

Utaniambia wako ni wa kiwango kingine, kwamba kahawa na visu vya ndizi ni dawa ya majirani na si ya mtu mwovu kabisa. Basi mchukue Idi Amin.

Tarehe 16 Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa na utawala wa Amin. Siku chache baadaye Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, mtu wa uamsho huohuo aliyewahi kufundisha Dodoma, alivuka milima usiku kwa miguu pamoja na mkewe kukimbilia Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kuchukia, na alichukia. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta kanisani London. Akamtafakari Yesu akiwaombea waliomsulubisha, akaona hawezi kumtoa Amin kwenye sala ile. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatamka wazi kwamba anampenda Idi Amin. Na zingatia: hakuacha kusema hadharani maovu ya utawala ule. Alimpenda mtu, akauita uuaji uuaji.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia kwetu Kagera. Waliua, walipora ng'ombe, walivunja daraja la Kyaka, na watu wakahama kwa maelfu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akafia Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mbele ya hakimu. Wazee waliopoteza watu wao wakati ule wangali nasi, na mimi siwaagizi cha kuhisi. Ninachokiona ni kwamba leo pale Mutukula watu wa pande mbili wanauziana, wanaoana na kuzikana. Hakuna aliyengoja Amin aombe radhi ndipo amwuzie Mganda ndizi.

Hatua ya saba: samehe, na udai kibanja chako

Mtu asikudanganye kwamba neema inakunyang'anya ardhi. Peleka shauri baraza la kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, kazi ya baraza hilo kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ingia barazani ukiwa umemsalimia mlangoni. Eleza mpaka ulipokuwa, leta wazee walioshuhudia miramula ikipandwa, na usimwongezee kosa ambalo hakulifanya. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu shauri lenye chumvi kidogo huonekana tamu. Ukishinda, usipite kwake na vigelegele.

Na kama anayekuumiza anakupiga, hatua zote hizi zisimame. Toka kwanza. Wachukue watoto, nenda kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Utamwombea ukiwa mbali, mlango umefungwa. Anayekuletea Biblia ili akurudishe kwenye kipigo, mwambie akaisome tena, polepole.

Hatua ya nane: samehe mpaka jioni

Petro aliuliza kama mara saba zinatosha, akajibiwa kwa hesabu inayomaliza vidole vya kijiji kizima. Usiibebe hesabu yote kwa mara moja. Samehe ya leo, mpaka jua linapozama ziwani. Kesho ukiamka na hasira ileile, usidhani ulishindwa. Anza upya na salamu. Akirudia kosa, rudi hatua ya tatu, kwa binti yake na mtihani.

Hatua ya tisa: usimtangazie

Umefika mbali, na sasa majivuno yaliyokusaidia mwanzoni yanakudai malipo. Yanataka umwambie: "Nimekusamehe." Usimwambie kama hajaomba. Kwa mtu asiyekiri kosa, maneno hayo ni hukumu iliyopakwa asali, na ugomvi utazaliwa upya siku hiyohiyo. Usimtolee ushuhuda kanisani pia. Ukisimama mbele na kusimulia jinsi Mungu alivyokuwezesha kumsamehe mtu fulani, hata usipomtaja, Rubafu nzima itamjua kabla ya wimbo unaofuata. Mwenzi wako ajue, mchungaji wako ajue, inatosha.

Lakini siku moja anaweza kuja mwenyewe. Atakuja jioni, atakohoa nje, atakuwa amepanga maneno njia nzima. Yule mwana mpotevu naye alikuwa na hotuba iliyokamilika, na mwisho wake alitaka kuomba afanywe kibarua. Hapo hakufika, baba alimkatiza, akaagiza vazi, pete na viatu. Wako naye ukiona amekwisha kulitaja kosa na sasa anaanza kujishusha mbele yako, mkatize. Mwambie avue viatu aingie, ndizi zimeiva, na wewe hujapata mtu wa kula naye.